Kupima tatizo la uume kutosimama kwenye utafiti wa wanaume 12,000: IIEF-5, swali moja, au kumbukumbu za hospitali?

Awamu_ya_Kwanza ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa dodoso la utafiti wa kufuatilia wanaume 12,000 wa miaka 35 na kuendelea, watakaohojiwa tena kila baada ya miaka mitatu. Lengo kuu ni magonjwa ya moyo na kisukari, ila tumeruhusiwa kupima pia tatizo la uume kushindwa kusimama. Nafasi ni finyu: dakika 3 ndani ya mahojiano ya dakika 70.

Timu imegawanyika. Madaktari wanataka IIEF-5 (dodoso la kimataifa la maswali matano kuhusu usimamaji wa uume) kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kliniki. Watu wa takwimu wanataka swali moja tu. Msimamizi wa data anasema tusiulize kabisa, tuchukue misimbo ya magonjwa na dawa kwenye kumbukumbu za hospitali. Nikirudi kwenye machapisho, namba haziongei lugha moja: MMAS (utafiti wa wanaume wa Massachusetts) wanasema 52%, NHANES (utafiti wa kitaifa wa afya na lishe wa Marekani) 18.4%, na kuna waliotumia kumbukumbu wakapata asilimia moja na kitu.

Naomba mwongozo wa mambo matatu: tutumie kipimo gani, wasioshiriki tendo la ndoa tuwahesabu vipi, na maswali yaulizwe na nani.

Hojaji_Fupi amejibu:

Mkuu, tuanze na hizo namba, maana ukizielewa nusu ya mvutano wenu unaisha.

Hiyo 52% ya MMAS ni ya wanaume wa miaka 40 hadi 70, na imejumlisha wenye tatizo dogo (17.2%), la wastani (25.2%) na walioshindwa kabisa (9.6%). Waondoe wenye tatizo dogo, unabaki na 34.8%. Tena katika awamu ya kwanza, 1987 hadi 1989, hawakumuuliza mtu moja kwa moja kama ana tatizo. Walichukua majibu ya vipengele tisa vya dodoso wakayapitisha kwenye fomula iliyotengenezwa kutokana na wagonjwa wa kliniki ya mkojo. Waliojaza vya kutosha walikuwa 1,290 kati ya 1,709. Swali la moja kwa moja liliingia baadaye, kwenye awamu ya ufuatiliaji.

NHANES ya 2001 hadi 2004 inaanzia miaka 20. Walitumia swali moja lenye majibu manne: naweza kila mara au karibu kila mara, naweza mara nyingi, naweza wakati mwingine, siwezi kamwe. Waliohesabiwa kuwa na tatizo ni wa majibu mawili ya mwisho tu. Mtu wa "mara nyingi" aliwekwa upande wa wazima, wakati kwenye MMAS huenda angeingia kundi la tatizo dogo. Kwa hiyo umri ni mwingine, mstari umechorwa pengine, na njia ya kupima ni nyingine. Ndiyo maana asilimia isiyoambatana na umri, kikomo na kipindi kilichoulizwa haifai kulinganishwa na yoyote.

Kwa kundi la ukubwa wenu naunga mkono swali moja, ila lisibaki peke yake. Lizungushie maswali machache ya kulinda tafsiri yake. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu.

Kwanza: "Katika miezi 3 iliyopita, umejaribu kujamiiana?" Akisema hapana, muulize sababu, aruhusiwe kuchagua zaidi ya moja kisha aitaje iliyo kubwa: hana mwenza au mwenza yuko mbali; mwenza anaumwa au hataki; yeye mwenyewe hana hamu; uume hausimami vya kutosha; ugonjwa wake mwingine au ushauri wa daktari; imani au uamuzi binafsi.

Pili, swali lenyewe, na liulizwe kwa wote, aliyejaribu na ambaye hakujaribu: "Bila kutumia dawa wala kifaa chochote, katika miezi 3 iliyopita uwezo wako wa kusimamisha uume na kuuweka umesimama kiasi cha kutosha kujamiiana ulikuwaje?" Majibu manne kama ya NHANES, na la tano: "Sijajaribu, kwa hiyo sijui." Hilo la tano msilisahau. Bila hilo, asiyejaribu analazimika kubuni jibu.

Tatu, ugumu: "Uume wako unaposimama, kwa sababu yoyote ile, hata unapoamka asubuhi, ugumu wake ukoje?" Hapa tumieni ngazi za EHS (kipimo cha ugumu wa uume): 0 haukui kabisa, 1 unakua lakini si mgumu, 2 ni mgumu lakini hautoshi kuingia, 3 unatosha kuingia ila haujakaza kabisa, 4 umekaza kabisa. Nyongeza ya "sababu yoyote" na "asubuhi" si ya EHS asilia, kwa hiyo iandikeni wazi kwenye taarifa ya mbinu. Faida yake ni kwamba asiyekuwa na mwenza naye anaweza kujibu.

Nne, dawa: aina gani, mara ngapi kwa mwezi, aliipata kwa cheti cha daktari au bila cheti. Tano, tatizo limedumu muda gani na linamsumbua kiasi gani. Watafiti wa Natsal-3, utafiti wa Uingereza kuhusu mambo ya kujamiiana (2010 hadi 2012), waliuliza matatizo yaliyodumu miezi 3 au zaidi ndani ya mwaka uliopita, na wakaangalia pia kama yanamsumbua mtu. Ni kigezo kizuri cha kutenganisha wiki mbaya na tatizo la kweli.

Jambo moja la lazima: ndani ya swali msiandike "upungufu wa nguvu za kiume". Anayefika kileleni mapema mno atasema anao, asiye na hamu atasema anao, na asiyepata mtoto naye atasema anao. Mtakuwa mmepima vitu vinne kwa wakati mmoja.

Kliniki_na_Jamii amejibu:

Nakubaliana na Hojaji_Fupi kwa sehemu kubwa, ila IIEF isitupwe hivihivi. Swali moja halionyeshi vizuri mabadiliko madogo. Mwanaume akishuka kutoka hali nzuri sana kwenda hali ya wastani ndani ya miaka mitatu, anaweza kubaki kwenye jibu lilelile la "mara nyingi". IIEF yenye maswali 15, iliyochapishwa 1997, ina sehemu ya usimamaji yenye maswali sita (la 1 hadi la 5 na la 15) na alama zinazofika 30. Hapo mteremko unaonekana: 26 hadi 30 hana tatizo, 22 hadi 25 dogo, 17 hadi 21 dogo hadi wastani, 11 hadi 16 wastani, 6 hadi 10 kali.

Madaktari wenu wakisema IIEF-5 wana maana ya toleo fupi la 1999, maswali matano, alama zisizozidi 25, na tatizo linahesabiwa kuanzia 21 kushuka chini. Mtu asizichanganye hizi mbili. Ile ya maswali 15 inauliza wiki 4 zilizopita, fupi inauliza miezi 6. Ukiona andiko limetumia kikomo cha 25 kwenye toleo la maswali matano, acha kulisoma.

Ushauri wangu: 12,000 wote wapate swali moja na wasaidizi wake, kisha kikundi kidogo cha watu 400 hivi wajaze sehemu nzima ya usimamaji ya IIEF. Msiwachague kwa bahati nasibu tupu, la sivyo mtapata wazima wengi na wagonjwa wa kuhesabika. Chagueni 100 kutoka kila jibu kati ya yale manne, halafu kwenye uchambuzi mrudishe uzito wao wa asili. Ukisahau kurudisha uzito, usahihi wa swali lako utaonekana tofauti na ulivyo. Mpango huo unawapa ngazi ya kubadilisha jibu la swali moja kuwa alama za IIEF kwa makadirio, na madaktari wanapata lugha yao.

Kabla ya kuchapa, hakikisheni mna kibali cha mwenye haki za IIEF, na msibadilishe maneno ya swali lolote kiholela.

Sifuri_si_Ugonjwa amejibu:

Naomba nikazie suala la wasioshiriki tendo, maana ndipo tafiti nyingi zinapoharibikia, na kosa lenyewe limo ndani ya hesabu ya alama.

Chukua IIEF-5. Swali la kujiamini lina alama 1 hadi 5. Manne yaliyobaki yana jibu la sifuri kwa mtu ambaye hakushiriki au hakujaribu. Mwanaume mzima wa afya, mjane, anayejiamini kabisa, anapata 5 + 0 + 0 + 0 + 0 = 5. Kwenye jedwali, 5 hadi 7 ni tatizo kali. Mjane mwenzake asiyejiamini sana anapata 3, ambayo haimo hata kwenye jedwali, lakini programu iliyoandikiwa "21 au chini ya hapo ni mgonjwa" inamweka palepale.

Sehemu ya usimamaji ya IIEF ndefu ina mtego wake. Kwenye maswali mawili ya kwanza, tendo linajumuisha hata kujichua. Matatu yanayofuata ni kujamiiana tu. Asiye na mwenza lakini hana kasoro yoyote anapata 5 + 5 + 0 + 0 + 0 + 5 = 15. Anasomeka "wastani". Na kwa kuwa maswali yale yanazungumzia kuingia ukeni, wanaume wanaoshiriki na wanaume wenzao nao wanapata sifuri zisizo zao. Matoleo yaliyorekebishwa kwa ajili yao yapo.

Sasa wasioshiriki wanaongezeka kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo kosa hili haliko sawa kwa kila rika: linapandisha asilimia ya wazee zaidi ya ya vijana, na mstari wa umri unaonekana mkali kuliko ulivyo. Kinyume chake, ukiwatupa wote nje ya hesabu, unawatupa pia walioacha tendo kwa sababu uume hausimami, yaani wagonjwa hasa. Njia zote mbili zinapotosha, kila moja upande wake.

Mfano wa hesabu. Katika wanaume 1,000 wa rika moja, 700 walijaribu, na kati yao 210 wana tatizo. 300 hawakujaribu. Ukihesabu waliojaribu pekee: 30%. Ukiwachukulia wote 300 kuwa wazima: 21%. Ukiwachukulia wote kuwa wagonjwa: 51%. Data ileile imekupa namba tatu. Mkiuliza sababu, na tuseme 90 kati ya 300 wakasema sababu kubwa ni uume kutosimama, mnapata 210 + 90 = 300 kati ya 1,000, yaani 30% ya wote. Kwamba imelingana na ile 30% ya kwanza ni bahati ya mfano huu, msiitegemee. Chapisheni mipaka yote miwili, chini na juu, pamoja na makadirio yanayotumia sababu.

Kwenye faili la data, wekeni misimbo tofauti kwa "hakujaribu", "sijui", "nakataa kujibu" na "hakuulizwa". Nimeshaona mafaili ya umma ambamo vyote vinne ni nafasi tupu, na hapo hakuna mchambuzi wa baadaye anayeweza kuokoa kitu.

Msimbo_na_Dawa amejibu:

Kwa msimamizi wa data: kumbukumbu za hospitali zina kazi yake, ila kazi hiyo siyo kukadiria ukubwa wa tatizo. Zinapima nani alilalamika, kwa nani, na kama aliyesikiliza aliandika.

Tazama uchambuzi wa vinasaba uliotoka 2019 ukiunganisha hazina tatu za data. Katika UK Biobank ya Uingereza wenye tatizo walikuwa 1.53%, katika hazina ya Estonia 7.04%, na katika ile ya Partners HealthCare ya Marekani 25.35%. Watafiti wenyewe walitaja sababu: umri wa kati wa washiriki ulikuwa tofauti (59, 42 na 65), data ya huduma za ngazi ya msingi haikupatikana kwa UK Biobank, wanaojitolea kule huwa na afya nzuri kuliko wenzao, na watu wa jamii tofauti hawako sawa katika kulisema jambo hili. Hakuna anayeweza kusoma namba hizo akasema Waingereza wana afya mara kumi na sita zaidi.

Mkiamua kuzitumia kama nyongeza, angalieni yafuatayo. Kwenye ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, tatizo lenye asili ya mwili ni N48.4, na la kushindwa mwitikio wa viungo vya uzazi lisilotokana na ugonjwa wa mwili ni F52.2. Toleo la Marekani, ICD-10-CM, limehamishia la kwanza kwenye N52. Kumbukumbu za zamani za huko, za ICD-9-CM, zina 607.84 na 302.72. Ukitafuta msimbo mmoja tu unakosa wengi, na F52.2 si ya wanaume peke yao, kwa hiyo chuja kwa jinsia.

Upande wa dawa, kundi la ATC (mfumo wa kimataifa wa kuainisha dawa) ni G04BE: sildenafil ni G04BE03, tadalafil G04BE08, vardenafil G04BE09. Hapa kuna mitego mitatu. Sildenafil ya miligramu 20 hutolewa kwa shinikizo la mishipa ya mapafu, na hiyo mnaweza kuitambua kwa kipimo cha kidonge. Tadalafil ya miligramu 5 kila siku hutolewa kwa tezi dume iliyovimba na pia kwa usimamaji, kwa hiyo kipimo cha kidonge hakiwasaidii. Itabidi muangalie kama mtu ana utambuzi wa tezi dume. Na sehemu kubwa ya dawa hizi hununuliwa bila cheti. Uingereza, kwa mfano, sildenafil ya miligramu 50 imeuzwa bila cheti tangu 2018, na kumbukumbu za vyeti haziwezi kuiona.

Kuna na suala la wakati. Sildenafil iliidhinishwa Marekani Machi 1998. Mfululizo wowote wa utambuzi unaovuka mwaka huo unachanganya ugonjwa na ujio wa tiba: watu walianza kwenda kwa daktari kwa sababu sasa kulikuwa na cha kupewa. Ukichora mstari utaona kupanda, na kupanda huko si visa vipya.

Msimbo ukiwepo, mara nyingi ni kweli mtu ana tatizo. Usipokuwepo, haukuambii chochote. Kwa hiyo "wazima" wako wamejaa wagonjwa, na uhusiano wowote unaoutafuta, iwe wa kisukari, iwe wa kinasaba, kwa kawaida utapungua nguvu kuelekea sifuri.

Awamu_ya_Kwanza amejibu:

Asanteni sana. Hoja ya sifuri imenyamazisha kikao kizima, tumekubaliana tunachukua swali moja na wasaidizi wake.

Bado mawili. Wadadisi wetu wengi ni wanawake vijana, na washiriki wengine wana miaka 70. Je, tubadilishe wadadisi? Na kama robo ya watu watakataa kujibu, tufanye nini kwenye uchambuzi?

Bi_Dodoso amejibu:

Usibadilishe wadadisi, ndugu yangu. Ondoa mdadisi kwenye swali. NHANES waliweka maswali haya kwenye kompyuta yenye sauti: mshiriki anavaa vipokea sauti, anasikia swali, anagusa jibu, na hakuna anayemwona. Asiyejua kusoma anasikiliza. Mnachohitaji ni rangi au alama kubwa kwa kila jibu.

Mambo ya kupanga kwenye kishikwambi: maswali mawili ya mazoezi yasiyo na uzito kabla ya sehemu hii, ili mtu ajue kugusa na kurudi nyuma. Skrini ijifunge jibu la mwisho likishatolewa, na mshiriki aambiwe hivyo mapema, aione ikijifunga kwenye mazoezi. Kitufe cha "Sitaki kujibu" kiwepo kwenye kila ukurasa lakini kisiwe cha kwanza. Sauti iliyorekodiwa iwe ya mwanaume wa makamo, isomwe kwa utulivu, bila kusita kwenye neno "uume". Msomaji akisita, msikilizaji ataona aibu.

Mdadisi akae upande wa pili wa meza, mgongo wa kishikwambi ukimwelekea yeye, na awe na kazi ya kufanya, kama kupanga vifaa vya kupima shinikizo la damu. Akikaa akisubiri, mshiriki anaharakisha. Kama mke au mtoto mkubwa yuko chumbani, sehemu hii iahirishwe mpaka mshiriki na mdadisi wabaki peke yao; iwekeni kama sharti kwenye programu, mdadisi athibitishe faragha ndipo ifunguke.

Mahali pa kuiweka pia pana uzito. Msiiweke mwisho, watu wamechoka na wanajibu la kwanza wanaloliona. Msiiweke baada ya maswali ya sonona, maana mtu aliyetoka kuulizwa kuhusu huzuni kwa dakika tano anajipima vibaya zaidi. Baada ya maswali ya mkojo na tezi dume inakaa vizuri, kwa kuwa mazungumzo tayari yako sehemu hiyo ya mwili. Na msifungue sehemu hii kwa waliooa tu.

Rekodini sekunde za kila jibu. Anayejibu swali la maneno ishirini na tano ndani ya sekunde moja hajalisikiliza. Mkiona mdadisi mmoja ana washiriki wengi wa namna hiyo, au ana "Sitaki kujibu" nyingi kuliko wenzake, mrudisheni kwenye mafunzo wiki hiyohiyo, msisubiri mwisho wa kazi.

Kabla ya yote, jaribuni dodoso kwa watu 20 hadi 30 wa rika na elimu tofauti, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Muulizeni hasa: "Ulipojibu, ulikuwa unafikiria kipindi gani?" Wengi hujibu wakifikiria hali yao ya jumla au ya ujanani, si miezi mitatu.

Kikomo_na_Uzito amejibu:

Nichukue la uchambuzi.

Kwanza makosa ya kipimo. Kwenye uthibitisho wa 1999, IIEF-5 ilionyesha usikivu wa 98% (inawakamata wenye tatizo) na umahususi wa 88% (inawaacha wazima). Zinavutia. Sasa zipeleke kwa vijana ambao kweli ni 5% tu wenye tatizo. Waliokamatwa kihalali: 0.05 × 0.98 = 0.049. Wazima waliokamatwa kimakosa: 0.95 × 0.12 = 0.114. Jumla 16.3%. Ugonjwa umekuzwa zaidi ya mara tatu, na kati ya kila kumi waliohesabiwa wagonjwa, saba ni wazima. Namba za uthibitisho zilitoka kwa wagonjwa waliojulikana na wenzao wasio na tatizo; katikati ya jamii, ambako wengi wako mpakani, hali huwa ngumu zaidi.

Marekebisho yapo: chukua asilimia uliyoiona, ongeza umahususi, toa 1, kisha gawa kwa (usikivu + umahususi − 1). Ukiona 30%, na kikundi chako cha uthibitisho kimekupa usikivu 0.85 na umahususi 0.90, inakuwa 0.20 ÷ 0.75 = 26.7%. Fanya kwa kila rika peke yake, kwa vipimo vya rika hilo, na beba shaka ya vipimo hivyo ndani ya mipaka ya makadirio. Jibu likitoka hasi, umahususi uliotumia hauwahusu watu hao. Usilifiche kwa kuandika sifuri.

Pili, wasiojibu. Kuwatupa ni sawa na kudai kwamba wanafanana na waliojibu, dai ambalo kwa swali hili ni gumu kulitetea. Jaza thamani zilizokosekana mara nyingi, si mara moja, ukitumia umri, kisukari, shinikizo la damu, dawa, sigara, alama za sonona na za mkojo. Kisha pima uimara: chukulia kwamba uwezekano wa tatizo kwa wasiojibu ni mara 1.5, halafu mara 2, halafu mara 3 ya ule uliojazwa, uone hitimisho lako linavunjika wapi. Likivunjika kwenye 1.5, liseme hivyo kwenye muhtasari wa kwanza wa andiko, si kwenye kiambatisho.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, 12,000 inatosha kwa jumla, ila angalia kwa rika. Kwa asilimia 30 na kosa la pointi 3 kila upande unahitaji watu 896. Kama uchaguzi wenu ni wa makundi na unaongeza mtawanyiko mara 1.5, inakuwa 1,344. Wakishiriki 70% na kujibu swali hili 85% yao, mnatakiwa kuwafikia 2,259 kwa kila rika mnalotaka kuliripoti. Wa miaka 75 na kuendelea hawatafika hapo msipowaongeza kwa makusudi.

Majibu manne yachambue kama ngazi, msiyavunje kuwa ndiyo na hapana mapema. Ukishakata, huwezi kulinganisha na MMAS na NHANES kwa pamoja. Ukiacha ngazi, unakata mara mbili na kuonyesha zote.

Na kwa awamu zinazofuata: hali hii hupanda na kushuka. Katika ufuatiliaji wa MMAS, karibu thuluthi ya waliokuwa na tatizo dogo au la wastani walikutwa wamepata nafuu baadaye. Kwa hiyo "kisa kipya" kinachotokana na awamu moja tu kitakuwa na kelele nyingi. Wekeni ufafanuzi mkali (tatizo kwenye awamu mbili mfululizo, au awamu moja likiwa limedumu miezi 3 na zaidi) pamoja na ule mwepesi, mripoti vyote. Tarehe ya kuanza haijulikani, inajulikana tu iko kati ya awamu mbili, kwa hiyo tumieni mbinu za muda wa kati ya mipaka, msiweke siku ya mahojiano kama siku ya kuugua.

Kliniki_na_Jamii amejibu:

Nyongeza mbili. Waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume, mionzi ya nyonga au walioumia uti wa mgongo waulizwe na kuhifadhiwa, ila wachambuliwe kando, kwa sababu chanzo chao kinajulikana na si mishipa ya damu mnayoitafuta.

Na kwa kuwa utafiti wenu ni wa moyo: tatizo hili linaweza kutangulia dalili za moyo, hivyo mshiriki anayejibu "siwezi kamwe" asiondoke na asante tu. Programu itoe karatasi ya rufaa kwa washiriki wote, yenye maneno yaleyale, ili karatasi yenyewe isimfichue mtu. Ndani yake liwepo onyo kwamba anayetumia dawa za nitrati za moyo asitumie sildenafil wala jamii yake, maana shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Hojaji_Fupi amejibu:

Mkuu, kabla hamjafunga: maneno ya swali kuu yafungieni kwa awamu zote. Ikibidi kubadilisha, hata neno moja la kipindi, toleo la zamani na jipya yaulizwe pamoja kwa awamu moja kwa angalau watu 500, nusu wakianza na la zamani na nusu na jipya. Na kwenye swali la dawa ongezeni lingine: "Je, jibu ulilotoa ni la hali yako unapotumia dawa au usipotumia?" Tulishasema "bila kutumia dawa", lakini anayeitumia kila siku hana kumbukumbu ya karibu ya hali yake bila dawa, na atajibu anachokijua. Huyo apewe msimbo wake, asihesabiwe mzima.